Ndege Mpya Inatetemeka na Kuelemea Upande: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukirekebisha

Ndege iliyojengwa nyumbani, ikianza kuruka, karibu kila mara huja na mambo mawili: kuna kitu kinatetemeka, na ukiachia stiki (kishikio cha kuongozea) inalalia bawa moja. Mengi ya haya hurekebishika kwa saa chache za kazi, mradi ujue unatafuta nini. Kinachomaliza muda na pesa za wajenzi ni kubahatisha: leo propela imebadilishwa, kesho mauntingi za raba (vishikizo vya injini), keshokutwa kibapa kimebandikwa kwenye eleroni (bati la nyuma ya bawa linalolaza ndege upande), na mwisho hakuna anayejua ni lipi lililosaidia na lipi lililoharibu.

Mifano mingi hapa inatokana na familia ya RV ya Van's Aircraft, kampuni ya Aurora, Oregon, kwa kuwa ndizo ndege za kujijengea zilizoenea zaidi. Zaidi ya 11,000 zimesharuka. Nyingi zina injini ya Lycoming O-320 au O-360. Kanuni ni zilezile kwa ndege nyingine, na pale injini ya Rotax 912, inayozungusha propela kupitia gia, inapotofautiana tutasema.

Nchini Marekani ndege ya namna hii hupewa saa 25 za majaribio ikiwa injini na propela ni jozi iliyothibitishwa, au saa 40 ikiwa sivyo. Saa hizo ndizo za kufanyia kazi hii. Shika sheria moja: rekebisha kitu kimoja, ruka, andika, ndipo ushike kingine. Na mtetemo unatangulia trimu, yaani kuifanya ndege iruke sawa bila kushikiliwa. Bolti iliyolegea ni jambo la usalama leo. Bawa zito linachosha mkono tu.

Kwanza jua kinachotetemeka kinafuata nini

Mtetemo hufuata mizunguko ya injini, au kasi ya hewa, au magurudumu. Ukishajua ni kipi kati ya hivyo vitatu, umeondoa theluthi mbili za washukiwa. Hatua ya kwanza ni ya mara baada ya kupaa; kwa zilizobaki panda hadi angalau futi 3,000 juu ya ardhi, mahali tulivu asubuhi:

1. Mara tu baada ya kupaa, ukiwa na mwinuko salama, gusa breki taratibu. Mtetemo ukikatika papo hapo, ni magurudumu yaliyokuwa bado yanazunguka bila mizani.
2. Shika kasi moja ya hewa, tuseme noti 110, kisha badilisha mizunguko kati ya 2,100 na 2,500 kwa kupanda na kushuka kidogo, bila kukaa kwenye eneo lililokatazwa kwa propela yako (tutalitaja). Mtetemo ukibadilika pamoja na mizunguko, chanzo kiko mbele: propela, injini au ekzosi.
3. Sasa shika mizunguko ileile na ubadilishe kasi kwa kuinua na kushusha pua, bila kukaribia kasi ya mwisho inayoruhusiwa. Mtetemo ukija na kasi na kuondoka na kasi, chanzo ni mwili wa ndege au mkia.
4. Rudisha gesi hadi mwisho, uteleze. Kama bado unatetemeka, injini haihusiki sana.

Andika mizunguko, kasi, na mahali unapouhisi: sakafuni, kwenye stiki, kwenye pedali au kwenye kiti. Mtetemo wa stiki peke yake na mtetemo wa sakafu ni magonjwa mawili tofauti.

Ukiwa upande wa injini, hesabu ndogo husaidia sana. Gawa mizunguko kwa dakika kwa 60 upate hezi. Kwenye 2,400, krenki (mhimili mkuu wa injini) ya Lycoming inazunguka mara 40 kwa sekunde. Mtetemo wa hezi 40 ni propela au spina (kofia ya mbele ya propela) isiyo na mizani, kwa sababu uzito uliozidi upande mmoja unapita mara moja kila mzunguko. Hezi 20, nusu ya hiyo, ni silinda moja dhaifu, kwa sababu kila silinda huwaka mara moja kila mizunguko miwili. Hezi 80 ni milio ya kawaida ya silinda nne zinazowaka, au mapanga mawili ya propela yakipiga hewa; ukizidi, angalia ekzosi inayogusa kitu na mapanga yasiyopita njia moja.

Kwa Rotax 912 ya gia ya 2.43, gawa mizunguko ya injini kwa 2.43 kwanza. Injini ikiwa kwenye 5,000, propela iko karibu 2,060, yaani hezi 34 hivi, ilhali krenki iko kwenye 83. Namba hizo mbili ziko mbali kiasi kwamba hata mwili unazitofautisha: ya propela inatikisa, ya krenki inawasha nyayo.

Programu ya simu inayosoma kihisi cha mtikisiko inaweza kukuonyesha kama kilele kiko kwenye 20 au 40. Ibane simu kwa nguvu kwenye chuma cha dashibodi, usiishike mkononi. Ni dokezo la kuelekeza macho. Usiitumie kupimia mizani ya propela.

Propela

Hapa ndipo wajenzi wengi humaliza safari yao, kwa hiyo anza hapa hata kama hujapima hezi.

Kabla ya kugusa propela: swichi za magneto (mitambo inayozipa plagi cheche) zimezimwa, funguo mfukoni, mchanganyiko wa mafuta umekatwa, kabari kwenye matairi, na plagi moja imetolewa kila silinda. Waya wa kuzimia magneto ukiwa umekatika, injini inaweza kuwaka kwa kuzungushwa kwa mkono. Ichukulie propela kuwa hai wakati wote.

*Njia ya mapanga.* Weka kipande cha ubao au stuli imara mbele ya ncha ya panga, karibu kuigusa. Funga mkia au pua ya ndege isicheze. Vuta propela mbele kuondoa ulegevu wa krenki, pima umbali kati ya ncha na ubao, zungusha, vuta tena, pima panga la pili mahali palepale. Tofauti isizidi inchi 1/16, yaani milimita 1.6. Ikizidi, vua propela ukaangalie flanji, yaani sahani ya krenki inapofungwa propela: chembe ya rangi, kutu au uchafu nyuma ya kitovu, ukubwa wa unywele tu, huongezeka mara nyingi hadi kufika kwenye ncha.

*Bolti.* Kaza kwa spana ya toki kwa namba ya mtengenezaji wa propela yako, kwa mpangilio wa kuvuka, kwa hatua tatu au nne. Propela ya mbao ni kesi ya peke yake. Mbao inanywa unyevu na kukauka, na bolti zilizokuwa sawa msimu wa mvua zinakuwa legevu kiangazi. Zikague baada ya safari ya kwanza kabisa, kisha kwa ratiba ya mtengenezaji, na kila majira yanapobadilika. Ukiona unga mweusi au alama za kuungua kati ya mbao na flanji, propela imekuwa ikicheza. Hiyo haiendi hewani tena kabla ya kukaguliwa na mtengenezaji.

*Pembe za mapanga.* Kwa propela ya kurekebishwa ardhini, kama zile zinazofungwa kwenye Rotax, pima kila panga kwa kipimapembe cha dijitali mahali pamoja, kwa mfano robo tatu ya urefu kutoka katikati, propela ikiwa imelala mlalo kila mara. Lenga tofauti isiyozidi digrii 0.1 au 0.2. Mapanga yenye pembe tofauti huvuta hewa kwa nguvu tofauti, na mtetemo wake una tabia moja inayouumbua: unapanda kadiri unavyofungua gesi. Ule wa uzito hutegemea mizunguko tu. Uzito wa mizani hauponyi kasoro ya pembe. Utaficha mtetemo kwenye mzunguko mmoja na kuuachia kwenye mwingine.

*Spina.* Zungusha propela huku ukishikilia penseli karibu na ncha ya spina. Ncha ikichora duara la zaidi ya inchi 1/16, imefungwa kombo. Spina ni nyepesi lakini iko mbali na beringi, na bati lake la nyuma lina kipenyo kikubwa. Legeza skrubu, ikae sawa kwa vibati vyembamba vya kujazia, kaza tena.

Baada ya hayo yote, na si kabla, ita fundi mwenye mashine ya kusawazisha propela ikizunguka. Kihisi hufungwa mbele ya injini karibu na propela, na kipande cha tepu ya kung'aa hubandikwa nyuma ya panga moja ili mashine ijue propela iko wapi. Ndege inaelekezwa kwenye upepo, siku isiyo na upepo mkali, na injini inaendeshwa kwenye mizunguko ya safari. Kipimo hutolewa kwa IPS, yaani inchi kwa sekunde. Hadi 0.2 inakubalika, 0.07 au chini ni kazi nzuri sana. Ukianza na zaidi ya 1.2, usiongeze uzito wa mizani: propela ivuliwe isawazishwe kwanza ikiwa imesimama, kwa sababu kuna kosa kubwa mahali.

Uzito wa kudumu ni washa pana aina ya AN970 zilizofungwa kwa bolti za AN3 na nati za kujifunga, kwenye matundu ya sahani ya gia ya stata au kwenye bati la nyuma la spina. Piga alama ya rangi kwenye flanji na kitovu. Propela ikitolewa na kurudishwa katika tundu tofauti, mizani yote imepotea.

Kuna mkazo mmoja ambao hakuna mkono unaouhisi. Baadhi ya Hartzell za mapanga mawili kwenye O-360 zina katazo la kukaa kati ya mizunguko 2,000 na 2,250. Injini inaweza kuwa tulivu kabisa hapo, lakini krenki na mapanga yanapindishwa kwa mwangwi wao wenyewe. Pita haraka eneo hilo, weka alama ya rangi kwenye geji, na soma karatasi za jozi yako ya injini na propela hata kama hutetemeki popote.

Injini na vinavyoizunguka

Mtetemo wa nusu mzunguko, ule wa hezi 20, unaitwa na mafundi "injini inakimbia kwa miguu mitatu". Jaribu magneto kwenye mizunguko 1,800 hadi 2,000. Lycoming inaruhusu kushuka hadi 175, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50. Kushuka kukiwa kwa ghafla na kwa mtikisiko, ni plagi au waya. Kushuka kukiwa laini lakini kukubwa, angalia taimingi.

Silinda iliyolala huipati kwa kusikiliza, unaipata kwa joto. Endesha injini dakika moja kwenye magneto mbaya, izime hapohapo, na upime kila bomba la ekzosi karibu na silinda kwa kipimajoto cha miale. Lililo baridi ndilo lako. Badilisha plagi yake na ya jirani. Kasoro ikihama na plagi, umemaliza.

Kama injini inatetemeka ikiwa imetulia chini na inanyooka ukifungua gesi, tafuta hewa inayoingia kwa siri kwenye mabomba ya kuingiza mchanganyiko. Injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, mvuto ndani ya mabomba ni mkubwa na tundu dogo huingiza hewa nyingi kulinganisha na inayotakiwa. Madoa ya buluu ya mafuta kuzunguka gasketi au mipira ya kuunganishia ni ushahidi tosha.

Kwa Rotax 912 ya kabureta mbili, jambo la kwanza kabla ya yote ni kuzilinganisha. Funga geji mbili za mvuto, linganisha ikiwa chini kabisa, kisha kwenye mizunguko ya kati, na hakikisha nyaya mbili za gesi zinaondoka kwenye kizuizi kwa wakati mmoja. Usiiache ikae chini ya 1,400. Gia hugongana na kuchakaa, na mtetemo huo hauponi kwa kabureta.

Mauntingi za raba zina nusu mbili zisizofanana. Mtu akibadilisha ya juu na ya chini, injini inainama na kutikisa mwili mzima. Linganisha kila moja na mchoro. Bolti za AN7 za mauntingi hukazwa kwa pauni-inchi 450 hadi 500, na raba mpya hujibana zikikaa, kwa hiyo kaza tena kati ya saa 10 na 25. Utakapozikaza utaona spina imeshuka kidogo kuliko boneti. Ni kawaida, na ndiyo sababu wajenzi wazoefu huacha spina juu kidogo mwanzoni.

Kisha fungua boneti na utafute mng'aro: mahali rangi imelika, raba imepata tope jeusi, au alumini imetoa unga wa kijivu. Injini hucheza sana wakati wa kuwaka na kuzima, kwa hiyo iachie nafasi ya nusu inchi kila upande. Ekzosi inayogusa boneti hupeleka kila mlipuko moja kwa moja kwenye mwili. Hata isipogusa, mabomba yakiishia karibu na sakafu, milipuko hupiga bati la sakafu kama ngoma, na rubani anadhani propela ndiyo mbaya. Dalili yake: nyayo zinawashwa huku stiki na dashibodi vimetulia.

Magurudumu

Tairi za 5.00-5 zinaweza kuwa na sehemu nzito inayozidi gramu kadhaa. Sawazisha gurudumu zima na rimu yake kwenye shafti laini kabla ya kulaumu mguu. Miguu ya fimbo za chuma ya RV ina tabia ya kutetemeka mbele na nyuma ndege ikipunguza mwendo baada ya kutua. Kupunguza shinikizo la tairi kwa pauni chache na kufunga ubao mwembamba nyuma ya mguu, ndani ya kifuniko chake, husaidia.

Gurudumu la pua linalocheza kushoto na kulia halivumiliwi hata safari moja. Kwenye RV-7A, inua pua, funga mizani ya ndoano kwenye ekseli, vuta kando: uma uanze kugeuka kwa pauni 22, karibu kilo 10. Nati ya juu ndiyo inayorekebisha, kwa kubana washa za springi. Baada ya saa za mwanzo washa hujikalia na namba hushuka, kwa hiyo pima tena mapema.

Mtetemo unaofuata kasi ya hewa

Hapa badili namna ya kufikiri. Mtetemo mdogo wa kifuniko kilicholegea ni kero. Mtetemo wa eleroni, eleveta (bati la mkia linaloinua na kushusha pua) au kibapa cha trimu (kibapa kidogo kwenye ukingo wake wa nyuma) unaweza kuwa mwanzo wa flata, hali ambayo hewa na chuma hulishana nguvu hadi kitu kivunjike, wakati mwingine kwa sekunde chache.

Ukihisi stiki inapiga kwa haraka au mkia unanguruma, rudisha gesi, inua pua taratibu upunguze kasi, tua. Usiirudie kasi ile ili "kuhakikisha". Chini, mwenzako ashike stiki imara huku wewe ukitikisa kwa vidole ukingo wa nyuma wa kila eleroni, eleveta, usukani (bati la wima la mkia linalogeuza pua) na kibapa cha trimu. Ulegevu wowote unaousikia ukigonga una chanzo: bawaba, ncha ya fimbo, au pini ya kibapa. Kibapa cha trimu ndicho mshukiwa wa kwanza, kwa sababu ni kidogo, kiko mwisho kabisa, na kinashikwa na fimbo moja nyembamba.

Kumbuka pia kwamba Van's hutoa kasi ya mwisho kama kasi halisi ya hewa, si ile ya geji. Kwenye RV-7 ni maili 230 kwa saa. Futi 10,000 siku ya kawaida, geji ikisoma 180, kasi halisi ni karibu 209. Anayeruka kutoka Wilson, Nairobi, uwanja ulio juu ya futi 5,500, ameshaanza na sehemu ya tofauti hiyo akiwa bado ardhini, na joto la mchana huiongeza.

Yaliyobaki hutafutwa kwa tepu. Funika kwa tepu pengo kati ya mkia na mwili, ruka. Kisha ukingo wa kanopi, ruka. Kisha vifuniko vya miguu. Tepu ikiponya, tengeneza kifuniko cha kudumu mahali pale.

Trimu: usiguse eleroni kabla ya kijipira

Bawa zito mara nyingi ni mtoto wa pua iliyopinda. Ndege ikiteleza kando, pembe ya mabawa kwenda juu huinua bawa la upande inakotokea hewa, na rubani anaona eleroni mbaya. Kwa hiyo kwanza pua, kisha mabawa, mwisho eleveta.

Anza kwa kijipira chenyewe, kile cha ndani ya geji kinachoonyesha kama ndege inateleza kando. Sawazisha ndege kwa upana kwa kipimausawa juu ya reli za kanopi au mahali palipoonyeshwa kwenye michoro, kisha uangalie kijipira. Kama hakiko katikati, hukuwa na ndege mbovu. Ulikuwa na geji iliyofungwa kombo.

Pili, vua vifuniko vya magurudumu na vya miguu, ruka nguvu ya asilimia 75, mabawa sawa kwa stiki, miguu mbali na pedali. Andika kijipira kilipo. Virudishe, ruka tena. Kikihama, vifuniko ndivyo vinavyopinda pua. Viwekwe upya ndege ikiwa imeinuliwa, matairi hayagusi ardhi, kwa kuwa miguu hukaa tofauti hewani. Pima kila kifuniko kwa uzi uliovutwa sambamba na mstari wa katikati wa ndege. Watu hubandika kibapa kwenye usukani kuponya kitu ambacho kingepona kwa kusogeza kifuniko milimita tano, na wakaendelea kuburuta vyote viwili hewani.

Kilichobaki huponywa kwa kabari kwenye ukingo wa nyuma wa usukani. Kijipira kikikaa kulia, ndege inataka usukani wa kulia, kwa hiyo kabari inabandikwa upande wa kushoto: hewa huisukuma kabari na ukingo kwenda kulia. Anza na ubao au plastiki ya sentimita 20 kwa 3, unene wa milimita 10 nyuma ukipungua hadi sifuri mbele, kwa tepu imara. Ruka, kata sentimita mbili, ruka tena, hadi kijipira kitulie. Ndipo uigundishe. Kabari hii ni ya kasi ya safari. Wakati wa kupanda utahitaji mguu wa kulia kama ndege yoyote ya propela inayozunguka kulia.

Bawa zito

Ondoa uzito kwenye hesabu kwanza. Rubani wa kilo 80 akikaa sentimita 30 kushoto kwa katikati anavuta kilo-mita 24. Ikiwa kitovu cha tangi kiko mita 1.3 kutoka katikati, unahitaji karibu kilo 18.5 zaidi ya mafuta upande wa kulia, sawa na lita 25 hivi, ili uwe sawa. Pima trimu katika hali hiyo, na uiandike.

Halafu kumbuka: uzito unadhihirika kwa kasi ndogo, umbo linadhihirika kwa kasi kubwa. Bawa linalozidi kulemea kadiri unavyoongeza kasi lina tatizo la umbo, kwani nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi huku uzito ukibaki uleule.

Sasa jaribio linalotenganisha bawa na eleroni. Kwa kasi ya safari, shika stiki ili eleroni zilingane kabisa na ncha za mabawa, ziwe katikati kamili. Ndege ikilala hata hivyo, tatizo ni bawa au flapu (bati la nyuma ya bawa linaloshushwa wakati wa kutua). Ikikaa sawa, na inalala tu ukiachia stiki, tatizo ni umbo la eleroni.

Ikiwa ni bawa: angalia kwanza kama flapu zote mbili zinafika juu kabisa. Urefu wa fimbo ya flapu ni marekebisho ya dakika kumi, na kushusha kidogo flapu ya upande mzito huinua bawa hilo. Kisha pima pembe ya kila bawa dhidi ya mwili kwa kipimapembe cha dijitali na fremu ileile pande zote mbili.

Ikiwa ni eleroni: weka rula juu ya ngozi ya eleroni, kutoka mbele kwenda nyuma. Ngozi iwe bapa hadi pale mkunjo wa ukingo unapoanza. Mara nyingi utaona upande mmoja umevimba kabla ya mkunjo, kosa la siku ile bati lilipokunjwa. Eleroni zote mbili hupenda kupanda kidogo hewani. Ukingo mkali hupanda zaidi, ukingo uliovimba hupanda kidogo. Kwa hiyo unakaza ukingo wa eleroni ya bawa jepesi, ipande kidogo, na bawa lake lishuke.

Thibitisha upande kwa kabari ndogo ya majaribio: tepu kipande cha sentimita 10 chini ya ukingo wa eleroni ya bawa jepesi. Ndege ikinyooka, uko sahihi. Iondoe, chukua koleo pana lenye midomo iliyofungwa kwa mbao au tepu nene, na ubane ukingo taratibu kwa urefu wa sentimita 30, ukisogea kidogo kidogo ili usiache mawimbi. Kiasi cha kubana huwezi kukiona kwa macho. Ruka ndipo ubane zaidi. Ukizidisha, usijaribu kuufungua ukingo, bana kidogo eleroni ya upande wa pili. Njia hii ni ya ukingo uliokunjwa tu. Ukingo uliofungwa kwa ribiti na kabari ndani yake unapasuka ukiubana.

Jambo moja zaidi kabla ya koleo: linganisha kwa rula urefu wa eleroni juu ya ngozi ya bawa, kushoto na kulia. Mabano ya bawaba yakiwa yamefungwa juu kidogo upande mmoja, eleroni inakaa tofauti kwenye hewa, na hakuna kubana kutakakoficha hilo vizuri.

Pua juu, pua chini

Pima ndege kwa mizani mitatu, ikiwa imesawazishwa, na uhesabu kitovu cha uzito upya. Trimu inayoisha mapema ni ya kwanza kutuhumiwa, lakini betri iliyohamishwa nyuma au propela nzito kuliko ile ya michoro hueleza kesi nyingi.

Kitovu kikiwa sahihi, ruka kwa kasi ya safari na mzigo wa kawaida, mwenzako aangalie pembe za eleveta zinazotangulia mbele ya bawaba zikilinganishwa na ncha za bawa la mkia. Baada ya saa za majaribio ya rubani peke yake, hilo linawezekana, na kabla ya hapo kamera ndogo inatosha. Ukingo wa nyuma wa eleveta ukiwa chini, mkia unaomba kuinuliwa: ongeza kibati chini ya spaa (boriti) ya mbele ya bawa la mkia. Ukiwa juu, punguza kilichopo. Inchi 1/16 kwa wakati mmoja inatosha kuonekana. Rudia jaribio kitovu kikiwa mbele na kikiwa nyuma kabla ya kutoboa matundu ya kudumu.

Baada ya rangi

Wengi huruka saa za majaribio bila rangi, wakamaliza trimu, kisha ndege ikaenda kupakwa. Rangi na pati huongeza uzito nyuma ya bawaba na kubadili ukingo uleule uliobanwa kwa uangalifu. Tenganisha fimbo za kusukuma na usawazishe upya kila eleroni, eleveta na usukani kama michoro inavyotaka. Kwenye RV, uzito wa eleroni ni bomba lililomo kwenye ukingo wa mbele, na fundi wa rangi hajui kwa nini lipo. Mwambie asijaze pati kwenye kingo za nyuma. Pima ndege tena kwa mizani mitatu, kisha rudia safari mbili: moja ya kijipira, moja ya bawa. Kabari ya usukani huenda ikahitaji kukatwa tena.